Maumivu ya Kinena Yasiyoisha: Jinsi ya Kuitafuta Neva

Wanaume wengi hufika kwangu kwenye fiziotherapia na bahasha imejaa: mkojo safi, ultrasaundi safi, na antibayotiki za UTI walizomeza bila nafuu yoyote. Kama maumivu ya kinena au nyonga yamepita miezi mitatu na majibu ni hayo, huenda tatizo ni neva, yaani mshipa wa fahamu. Fuata hatua hizi kabla ya kununua dozi nyingine.

Hatua ya 1: Ondoa dharura. Korodani iliyoanza kuuma ghafla na vikali inaweza kuwa imejisokota, na saa sita za kwanza ndizo za kuiokoa. Ganzi kwenye msamba (kati ya korodani na njia ya haja kubwa) na makalio, mkojo kugoma au miguu kulegea ni hospitali leo hii. Homa, uvimbe au damu kwenye mkojo pia havingojei mwongozo huu.

Hatua ya 2: Chora. Chukua kalamu, haya weka kando, uzungushie panapouma. Kinenani hadi shina la uume na juu ya paja kwa ndani: shuku neva ya ilioinguinali. Korodani: jenitofemorali. Zote mbili huanzia kwenye pingili za juu za kiuno, kwa hiyo korodani yaweza kuuma ilhali kasoro iko mgongoni.

Ulishapasuliwa ngiri? Sema, hata kama ni zamani. Neva hizi hupita palepale daktari anaposhona na kuweka wavu, na zaweza kunaswa na uzi au kovu. Wagonjwa hukisahau kisu hicho kwa sababu kidonda kilishapona.

Hatua ya 3: Kaa, kisha simama. Neva ya pudendo hulisha msamba, uume na njia ya haja kubwa. Ikibanwa, maumivu huzidi ukikaa, hupungua ukisimama, na kwa kawaida hayakuamshi usiku. Wengi hupata nafuu wakikalia choo, maana pale msamba haugusi kitu. Dalili za kukaa na za usiku zimo katika vigezo vya Nantes, Ufaransa, ambavyo madaktari hutumia kutambua neva ya pudendo iliyobanwa, vilivyochapishwa 2008. Andika kwa wiki nzima, na kama unaendesha baiskeli, andika na hilo.

Hatua ya 4: Pitisha pamba. Mguso mwepesi ukiunguza kama moto, neva inalalamika. Lakini ukikuta ganzi kamili msambani, usiilaumu pudendo haraka. Rudi Hatua ya 1: daktari aangalie mizizi ya neva mgongoni leo hii.

Hatua ya 5: Peleka mchoro. Uliza kuhusu sindano ya ganzi kwenye neva unayoshuku. Maumivu yakizimika kwa muda, mmejua njia yanamopita, ingawa bado hamjajua kilichoibana. Daktari anaweza kukuandikia amitriptilini au gabapentini, dawa za maumivu ya neva. Zipe wiki kadhaa.

Wakati huo kalia mto wenye uwazi katikati, na baiskeli ipumzike. Mazoezi ya kukaza msamba yanayosifiwa mitandaoni yaache kwanza: wengi ninaowapima misuli hiyo imekazana tayari, na tunaanza kwa kuilegeza.