Somo: Ukigeuka kitandani dari linazunguka

Hapa Dar kila kizunguzungu ni presha. Presha ikipimwa ikakutwa sawa, inageuka malaria. Malaria isipoonekana, jirani ananong'ona habari za mashetani. Sikio, lenye kesi yenyewe, halijaulizwa.

Mimi ni mtu wa fiziotherapia, na somo hili ni la kizunguzungu cha aina moja tu: kile kinachokuja ukilala, ukigeuka kitandani, ukiinua kichwa kufunga chandarua au kuanika nguo kwenye kamba. Chumba kinazunguka, kichefuchefu kinapanda, na ndani ya dakika moja kinatulia. Kichwa kikitulia, huna shida.

Chanzo ni punje ndogo sana za kalsiamu kaboneti zilizo kwenye sikio la ndani. Kazi yake ni kukujulisha chini ni wapi. Jirani yake kuna mifereji mitatu yenye majimaji, inayosoma kila kichwa kinapogeuka. Punje zikibanduka, kwa umri, kwa kuanguka na bodaboda, au bila sababu inayojulikana, huingia mferejini, mara nyingi ule wa nyuma. Ukilala zinaporomoka kama mchanga ndani ya chupa, majimaji yanasukumwa, na ubongo unapewa habari za uongo kwamba unazunguka.

Ndiyo maana sinarizini, dawa ya kizunguzungu unayonunua duka la dawa, haikuponyi. Kidonge hakihamishi punje. Kinatuliza kichefuchefu, basi. Tena ikimezwa miezi na miezi, hasa na mzee, inaweza kuleta mtetemeko na kukakamaa kama kwa ugonjwa wa Parkinson.

Hatua ya 1: ondoa hatari. Uso kupinda, ulimi kuwa mzito, kuona vitu viwili, mkono au mguu kuishiwa nguvu, kushindwa kusimama, kichwa kuuma ghafla kupita kawaida: acha kusoma, nenda hospitali sasa hivi. Hicho kinaweza kuwa kiharusi. Mwenye tatizo la shingo au aliyebanduka retina (utando wa nyuma ya jicho) asijaribu yanayofuata bila daktari.

Hatua ya 2: tafuta upande. Kaa kitandani, mtu awe karibu. Geuza kichwa nyuzi 45 kulia, lala chali kwa haraka kidogo, kichwa kikining'inia kidogo kwa nyuma, subiri nusu dakika. Keti, rudia kushoto. Upande unaoleta mzunguko, na macho kuchezacheza, ndio wenye punje. Kipimo hiki kilielezwa na madaktari Dix na Hallpike mwaka 1952.

Hatua ya 3: zirudishe. Mbinu ni ya daktari wa Marekani, John Epley. Tuseme ni sikio la kulia. Weka mto mahali mabega yatakapofikia, si kichwa. Keti, geuza kichwa nyuzi 45 kulia, lala chali. Mzunguko utakuja, usiruke. Ukitulia, hesabu sekunde 30 zaidi. Bila kuinua kichwa, kigeuze hadi kitazame kushoto nyuzi 45, sekunde 30. Sasa geuza mwili wote, lala kwa ubavu wa kushoto, pua ikielekea godoro, sekunde 30. Inuka taratibu ukiwa umeinamisha kidevu. Sikio la kushoto, fanya kinyume chake.

Mara ya kwanza ni bora ufanyiwe na anayejua. Muhimbili ina idara ya masikio, pua na koo. Wapo wanaopona kwa mara moja, wengine hurudia siku kadhaa. Ule ushauri wa kulala umekaa baada ya zoezi, upuuze, hauna faida ya maana.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mtaalamu. Mama yangu Mbagala akisujudu tu anashika ukuta. Aache kuswali?*

Marahaba. Asiache. Mgonjwa ana ruhusa ya kuswali ameketi, akiinamisha kichwa kidogo kadiri anavyoweza. Baada ya punje kurudi atasujudu kama zamani. Ila mpelekeni apimwe sikio, maana kwa wazee tatizo hili ni la kawaida sana, na kinachowavunja nyonga ni kuanguka usiku akienda chooni. Wekeni taa.

*Mkuu, changu kinachukua saa nzima na zaidi, sikio moja linavuma na limejaa kama nimetoka kuogelea Coco. Nifanye zoezi?*

Hapana, ndugu. Maelezo yako yanafanana zaidi na ugonjwa wa Ménière, ambao majimaji huzidi ndani ya sikio. Unahitaji kipimo cha usikivu. Madaktari wengi hushauri kupunguza chumvi, kwa hiyo achana na kachumbari ya chumvi nyingi na chipsi za kunyunyizia. Na kama hivi karibuni ulichomwa sindano za gentamaisini (antibiotiki) au ulitumia kwinini ya malaria, mwambie daktari. Zote mbili zinagusa sikio.

*Kinaweza kurudi?*

Ndiyo, kwa wengi hurudi. Zoezi ni lilelile, ila kagua upande upya.

*Naendesha bodaboda Tegeta. Naweza kuendelea na kazi?*

Paki kwanza, kaka. Ukigeuza shingo kuangalia gari nyuma, sekunde 20 za mzunguko zinatosha kukuweka chini ya daladala. Rudi barabarani siku utakapolala na kugeuka pande zote mbili bila dari kusogea.