perf inapokukatalia: kulegeza kufuli la Ubuntu bila kukimbilia sudo

Juzi nilikuwa na programu ya C ya kujumlisha magunia ya dagaa ya mfanyabiashara mmoja wa Mwaloni Kirumba. Mizigo ya mwezi mmoja ilikula dakika nne nzima. Nikataka kujua muda unaishia wapi, nikaita perf, zana ya Linux ya kupima programu inakula muda wapi:

perf record -g ./dagaa

Ikanijibu: Access to performance monitoring and observability operations is limited. Yaani ruhusa ya kupima imebanwa.

Wengi hapa huweka sudo (amri ya kuendesha kitu kwa mamlaka ya root, msimamizi mkuu wa mashine) mbele wakaendelea. Itakubali, ila perf.data inakuwa mali ya root, na perf report ukiiendesha kama wewe unakataliwa upya.

Kinachokuzuia ni kufuli la kerneli, yaani moyo wa mfumo. Tazama kwanza liko namba ngapi:

cat /proc/sys/kernel/perf_event_paranoid

Yangu ilikuwa 4, kawaida ya Ubuntu. Namba ikipanda, unabanwa zaidi. Kwenye 2 unapima programu zako bila kuchungulia kerneli. Kwenye 1 na kerneli unaiona. Hiyo -1 mnayopeana WhatsApp inafungua kila kitu, msiiweke kwenye mashine ya watu wengi.

sudo sysctl kernel.perf_event_paranoid=2

Umeme ukikatika, mashine ikiwaka inarudi 4. Ili ibaki, andika kernel.perf_event_paranoid=2 ndani ya /etc/sysctl.d/99-perf.conf.

Rudia kupima. Ripoti yangu ya kwanza ilijaa namba za heksa (anwani za kumbukumbu), hakuna jina la fanksheni hata moja. Kosa langu: nilikompaili na -s, inayofuta majina. Nikaitoa, nikaweka -g -fno-omit-frame-pointer. Juu kabisa ikakaa __strlen_avx2, fanksheni ya kupima urefu wa maandishi. Kumbe ndani ya kitanzi nilikuwa napima urefu wa maandishi yote upya kwa kila herufi! Aibu, lakini ndiyo hivyo.

MASWALI

Mdau, Nyegezi: Nimeshusha hadi 1, bado inasema cycles not supported. Niko ndani ya VirtualBox.

Jibu: Hapo si kufuli, kaka. Mashine pepe haijapewa vihesabio vya prosesa. Tumia perf record -e cpu-clock -g ./programu. Inapima kwa saa ya kerneli, inatosha kumkamata mla muda.

Mdau, Musoma: Na ndani ya kontena la Docker, yaani programu iliyofungiwa peke yake?

Jibu: Seccomp ya Docker (kichujio cha miito kwa kerneli) huzuia perf_event_open, mwito ambao perf huutegemea, kushusha namba peke yake hakusaidii. Pima ukiwa mashine mama kwa perf record -p na namba ya mchakato. Kama mchakato ni wa root, hapo sudo ni halali yako.

Mdau, Kirumba: Dada, dagaa sasa wanachukua muda gani?

Jibu: Sekunde tatu. Malipo yangu ndiyo bado yanazunguka.