"Sneak peek", "draft" na wenzake: namna ya kuonyesha kazi isiyokamilika kwa Kiingereza

Kabla ya kuchagua maneno, amua kwanza unayemwonyesha afanye nini: aonje tu, au akusahihishe? Ukimtumia mteja kitu ulichokiita "sneak peek" huku ukingoja masahihisho, yaelekea atakusifu kisha anyamaze. Umempa kionjo, naye amekipokea kama kionjo.

"Sneak peek" linafaa kwa mashabiki: picha mbili tatu, sekunde chache za video. Lina utani ndani yake, kwa hiyo kwenye barua ya kikazi weka "preview". Makosa yake ni mawili. La kwanza ni tahajia: "peek" ni kuchungulia, "peak" ni kilele. Kisahihishi cha kompyuta mara nyingi hukiachia kilele kipite kwa kuwa nacho ni neno halali. La pili ni kudondosha "a", na hili linatupata sana kwa sababu nomino za Kiswahili hazitangulizwi na kitu cha namna hiyo. Andika "Here is a sneak peek of our new album". Ukiweka "at" badala ya "of", pia ni sawa. Kwa "first look" shika "at": "a first look at the cover". Usiandike "at first look" ukimaanisha kwa kutazama mara moja. Hiyo ni "at first glance".

"Teaser", yaani kionjo kifupi cha kuamsha hamu, huficha zaidi kuliko inavyoonyesha. Kama umefichua hadithi nzima, hiyo si teaser tena.

Kazi inayoendelea kubadilika huitwa "a work in progress", kwa kifupi WIP. Hapa "work" linahesabika, na "s" ya wingi hukaa kwenye "work", si mwishoni: "works in progress". Ukisema "Work is in progress", umetaja shughuli inayoendelea, si kitu unachokionyesha.

Ukitaka kusahihishwa, sema "draft", yaani rasimu. "Rough draft" humwonya msomaji kwamba hujaipiga msasa. "First draft" hutaja tu kwamba ni rasimu ya kwanza, hata kama ni safi. Wa filamu husema "rough cut" (filamu iliyohaririwa kijuujuu), wa muziki "demo" (wimbo wa majaribio), wabunifu wa kurasa "mock-up" (mfano wa mwonekano). Lakini jina peke yake halitoshi, mwambie atazame wapi: "This is a rough draft. Please check the figures in section 2 and ignore the layout for now." Ukiomba maoni, "feedback" haliongezwi "s" wala halitangulizwi na "a": "Any feedback is welcome."

Maneno "Draft – subject to change" (rasimu, inaweza kubadilika) yaandike ndani ya picha au ukurasa wenyewe. Ukiyaweka kwenye maelezo ya pembeni, picha ikisambazwa yatabaki nyuma, na bei au tarehe uliyokuwa unaijaribu itachukuliwa kuwa ndiyo yenyewe.