Kabla ya kupanda mashua kwenda visiwa vya Mafia

Beba pesa taslimu, tena ndogondogo, kwa sababu kwenye visiwa vidogo vya Chole na Juani hutapata wa kukuchenjia. Dawa ya malaria usiache. Ada ya Hifadhi ya Bahari ilipe mapema, risiti uitunze. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2019, kwa hiyo simu na nguo zitie kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana. Jaketi okozi livae, wengi hulikalia kama mto.

Msimu nao uangalie. Ukifuata papa potwe, nenda kati ya Oktoba na Machi. Upepo wa kusi ukishika, bahari kati ya Nyamisati, upande wa bara, na Kilindoni, upande wa Mafia, huchafuka na safari huahirishwa, basi usipange kurudi leo ukiwa na kikao kesho.

Sasa maji kujaa na kupwa, ambayo mtu wa bara hayaulizi kabisa. Muulize nahodha: leo ni bamvua (maji hujaa sana na kupwa sana) au maji mafu (hujaa na kupwa kidogo)? Bamvua huja siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na hapo bahari hukimbia mbali mno. Niliwaona vijana kutoka Dar waliokwenda Juani kutazama magofu ya mji wa kale wa Kua siku ya bamvua. Wamefika saa moja asubuhi, nahodha akawaambia: saa mbili na nusu muwe chomboni, mkichelewa tutakaa mpaka alasiri. Wakaitikia, wakaenda kupiga picha. Wanarudi saa nne, mashua imepwelewa, imelala ubavu kwenye tope, na maji ni mstari tu kule mbali. Mmoja akasema atatembea. Hakufika mbali, tumbawe likampasua unyayo. Wenzake wakabanana kwenye kivuli cha mashua na chupa moja ya maji, watu watano. Ndege yao ya saa saba iliwapita juu wakiitazama. Nahodha hakugomba, alijifunika kofia usoni akalala.

Kwa hiyo saa ya kurudi hupangi wewe, na ya jana usiitumie leo, maana maji huchelewa karibu dakika 50 kila siku.

Mengine unayajua: kofia, viatu vya kukanyagia matumbawe, maji ya kunywa ya kutosha siku nzima. Namba ya nahodha iachie nyumbani. Usipande chombo kilichojaa hata kama ndicho cha mwisho, na injini ikianza kukohoa hamjaacha ufukwe, shukeni.