Namna ya Kuwasilisha na Kulipa Mrabaha wa Timbo Dogo

Mtoto wa kaka yangu ameajiriwa ukarani kwenye timbo moja, yaani machimbo, huku bara ya Malindi. Juzi alinipigia simu jioni: "Shikamoo shangazi. Nimeambiwa nitengeneze hesabu ya mrabaha na sijui nianzie wapi." Mimi nimeshika daftari za timbo la jasi, madini yanayotiwa kwenye saruji, miaka kadhaa sasa, kwa hiyo nilimweleza, na haya ndiyo niliyomweleza.

Kwanza ujue unalipa nini. Katiba ya Kenya, kifungu cha 62, inayaweka madini yote katika ardhi ya umma, hata yakiwa chini ya shamba alilorithi babu yako. Wewe mwenye leseni umeruhusiwa kuyachimba na kuyauza. Mrabaha ni bei unayowalipa wenye mali, nao ni wananchi. Kwa hiyo usiuchanganye na kodi ya mapato. Kodi hiyo hutazama faida, mrabaha hutazama thamani ya madini yaliyouzwa. Mwezi tingatinga likiharibika na mkala hasara, mrabaha uko pale pale. Dizeli haikatwi, wala mishahara ya vijana. Wala usiuchanganye na ushuru wa kaunti ambao lori hutozwa kizuizini. Nimeona watu wakileta risiti za kizuizi wakidhani wamemaliza, kumbe ule ni mfuko mwingine kabisa.

Sasa daftari. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye timbo utaliona hilo kwa macho yako. Kila siku andika mambo manne: tani zilizochimbwa, lori zilizotoka na nambari zao, nambari ya karatasi ya mizani, na mnunuzi ni nani. Karatasi za mizani zipange kwa tarehe ndani ya faili. Usizikunje mfukoni, jasho la pwani hufuta wino kwa siku mbili.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoungua. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nikihesabu tani kwa ndoo za tingatinga: ndoo kadhaa kwa lori, lori kadhaa kwa siku, napiga hesabu najaza fomu ya taarifa ya mrabaha. Masika ilipoingia jasi ikalowa. Kiwandani wakapima, wakaondoa uzito wa maji, wakatulipa kwa tani chache kuliko nilizoziandika. Taarifa yangu ikasema hivi na ankara za mauzo zikasema vile. Kwenye ofisi ya madini ya serikali nilihojiwa kwa upole, lakini nilihojiwa, na nikaandika barua ya marekebisho lori baada ya lori. Tangu hapo makisio ya ndoo naandika kwa penseli. Kinachoingia kwenye taarifa ni uzito wa mizani ambao mnunuzi ameulipia, na tofauti yoyote naiandikia sababu siku ile ile, kabla sijasahau.

Mwisho wa mwezi fanya mizania ya lundo. Chukua tani ulizoanza nazo, ongeza zilizochimbwa, toa zilizouzwa. Jibu lazima lilingane na lundo lililopo uwanjani. Tuseme ulianza na tani 120, mkachimba 540, mkauza 480. Lundo liwe 180. Nenda ukalitazame kwa miguu yako. Likiwa 140, kuna lori lililotoka bila karatasi, na afadhali ulitafute wewe kabla hajaja mkaguzi kulitafuta.

Kisha hesabu yenyewe, ambayo ndiyo rahisi kuliko yote. Zidisha tani zilizouzwa kwa bei, halafu zidisha kwa kiwango cha madini yako. Kila madini yana kiwango chake kwenye kanuni, basi soma masharti ya leseni yako, usiazime kiwango cha jirani anayechimba kitu kingine. Kwa kujifunza tu, shika bei ya shilingi 1,800 kwa tani na kiwango cha 5%. Tani 480 ni shilingi 864,000, na mrabaha wake 43,200.

Nilimwambia kijana aendelee kuigawa pesa hiyo kwenye karatasi, ingawa fomu haimtaki afanye hivyo. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inagawa mrabaha hivi: 70% serikali ya kitaifa, 20% kaunti, 10% jamii ya pale yanapochimbwa. Katika hizo 43,200, shilingi 4,320 ni za kijiji ambacho lori zetu hukitimulia vumbi. Ukificha lori moja, umepunguza fungu la watu unaochota nao maji.

Ndugu zetu wa Lamu huuliza kuhusu mafuta. Pale kisiwani Pate kisima kilichimbwa mwaka 2018, na mwishoni mwa 2021 kingine kikaanza kuchimbwa baharini, lakini uzalishaji haujaanza. Ukija, njia yake ni tofauti: kampuni huingia mkataba wa kugawana mazao na serikali, na Sheria ya Petroli ya 2019 inaligawa fungu la serikali kuwa 75% kwa taifa, 20% kaunti na 5% jamii. Anayetaka kufuatilia fungu la kijiji chake ajifunze kuuliza mapipa mangapi yametoka na yameuzwa kwa bei gani. Ni maswali yale yale ya lori na mizani.

Kulipa sasa. Wasilisha taarifa ukiambatisha ankara na nakala za mizani, upate ankara ya serikali yenye nambari yake. Malipo hupitia eCitizen. Kwa M-Pesa nambari ya malipo ni 222222, na kwenye akaunti andika nambari ya ankara hiyo, tarakimu kwa tarakimu. M-Pesa haipitishi zaidi ya shilingi 250,000 kwa mara moja, basi mrabaha mkubwa upeleke benki, na usingoje siku ya mwisho. Usimpe mtu taslimu akulipie, hata akiwa na kitambulisho shingoni.

Chapisha risiti, ibane pamoja na taarifa na mizania ya mwezi huo, nakala nyingine iweke mbali na ofisi. Halafu fungua ukurasa mpya, na juu kabisa uandike: lundo la kuanzia, tani 180.