Kufunga skrini isitikisike kwa gari, boda na boti, vile tunafanya huku Malindi

Haya, wenye tuktuk, wenye Probox za Gongoni, vijana wa boda wanaofuata ramani kwa simu na manahodha wa boti za kuvua, hii ni yenu. Shida zenu zafanana sana, skrini inatetemeka hata maandishi hayasomeki, au inainamisha kichwa kidogo kidogo mpaka inaangalia magoti, au inaanguka kabisa na kuangukia pale pale kwenye breki. Na mara nyingi skrini yenyewe haina neno, tatizo ni vile imeshikwa.

Mtu akitaka kufunga anaanzia dukani, anaona holda ya mkono mrefu wa kupinda pinda, bei rahisi, anachukua. Mimi nasema anza na macho. Kaa kwa kiti vile unavyokaa ukiendesha kweli, alafu kata kadibodi saizi ile ile ya skrini yako, ibandike kwa tepu pale unapofikiria, uzunguke nayo mji. Pita sokoni, pita stendi, kata kona zote. Utajua mwenyewe kama inakuziba au inakulazimisha kuinamisha kichwa. Ukienda kilomita 80 kwa saa, ukitupia skrini macho sekunde mbili tu gari ishakwenda mita 44 hujaangalia njia, na njia ya Mambrui ina punda, ina watoto wa shule, ina mama na ndoo yake kichwani. Kwa hivyo skrini ikae karibu na pale macho yanapoangalia lakini isiingie kwa njia ya macho, chini kidogo ya ukingo wa kioo ndio pazuri.

Huku kwetu usukani uko kulia, na ile kona ya kulia karibu na nguzo ya kioo inavutia manake mkono unafika upesi, lakini ndio kona inayoficha boda na mtu anayevuka ukikata kulia. Iwache. Na iwache kabisa dashibodi yenye alama ya eabagi. Eabagi hufunguka kwa kasi kuliko jicho linavyopepesa, na chochote kilichofungwa juu yake kinarushwa usoni kwa mtu. Tafuta yale maandishi SRS au AIRBAG kwenye usukani, upande wa abiria, na kwenye nguzo za pembeni, gari nyingi za Japani zinazo huko pia.

Kuna mwenye kusema ah, mi nashika tu mkononi. Usishike. Mbali na hatari yenyewe, kutumia simu gari likitembea kumo kwenye orodha ya makosa madogo ya barabarani ya 2016, faini 2,000.

Sasa kitako, yaani pale holda inaposhika gari. Mpira wa kunyonya kioo ni mzuri kwa simu, lakini ufungwe kwa kioo, usifungwe kwa plastiki ya dashibodi ile yenye vipele vipele, haushiki hata siku moja. Osha kioo kwa spiriti, sio sabuni ya mafuta mafuta, kausha, bandika, kaza kile kiwiko chake. Mpira wa upana wa sentimita 8 una kama sentimita za mraba 50, na hewa ya huku pwani inasukuma karibu kilo moja kwa kila sentimita hiyo, kwa hivyo nguvu iko ya kutosha. Adui wake ni jua na vumbi. Gari likiwachwa kwenye jua saa saba mchana mpira unalainika, hewa inapenya, ukirudi uko chini ya kiti. Ile ya kubana kwenye tundu la AC nayo ifunge simu nyepesi tu, tableti itavunja vile vibapa vya plastiki, ingawa ina uzuri wake kwamba simu inapata baridi.

Kitu kizito kuliko simu kifunge kwa skrubu na bolti, hapa sibembelezi mtu. Tafuta mahali penye chuma nyuma yake, kwa mfano bolti za reli ya kiti, watu wengi hawajui kwamba kuna braketi za kupanda kutoka kwa bolti ya kiti na hazihitaji kutoboa gari tundu hata moja. Ukitoboa plastiki tupu bila chuma nyuma, weka bamba la alumini upande wa pili ili nguvu isambae, la sivyo skrubu itang'oka na kipande cha dashibodi.

Kabla ya kununua angalia matundu. Holda nyingi nzuri zina matundu manne yaliyokaa milimita 30 kwa 38, hicho kipimo kinaitwa AMPS na kampuni tofauti tofauti zinakifuata, kwa hivyo kitako cha huyu kitaingiana na kichwa cha yule. Zile TV ndogo za matatu mara nyingi zina matundu ya kipimo kingine kinachoitwa VESA, milimita 75 kwa 75 au 100 kwa 100, skrubu za M4, yaani unene wa milimita 4. Skrubu za M4 pima urefu wake, ingiza kwa mkono kwanza, ikifika mwisho kabla haijabana braketi basi ni ndefu, ukilazimisha kwa bisibisi ya umeme inaenda kugusa kioo kwa ndani na TV ishakwisha.

Tuje kwa mkono wenyewe, hapa ndio penye mambo. Mkono mfupi, mfupi, mfupi. Mkono ukiurefusha mara mbili, unene ule ule, skrini ile ile, kuinama kwake hakuongezeki mara mbili, kunaongezeka mara nane. Ndio mana zile holda ndefu zinacheza cheza hata kwenye lami safi, na ukishaacha lami ukaingia changarawe za kwenda ndani huko Marafa huoni namba wala njia. Kama skrini haifiki pale unapoitaka kwa mkono mfupi basi hamisha kitako, usirefushe mkono.

Ile ya gololi mbili ndio naipenda kuliko zote. Huku gololi kwa kitako, kule gololi kwa skrini, katikati mikono miwili ya bapa inayobanwa na skrubu moja kubwa ya kuzungusha kwa vidole, ukilegeza hio moja kila kitu kinageuka, ukikaza kila kitu kinasimama. Gololi za mpira wa milimita 25 zatosha simu na tableti ndogo, za milimita 38 ni za tableti kubwa na skrini za boti. Zile za plastiki ngumu tupu bila mpira juu zinateleza zikipata mafuta ya mikono. Na usipake grisi kwenye gololi jamani, kazi yake ni kushika, futa kwa kitambaa kikavu tu.

Boda mambo ni mengine. Paipu ya hendeli ya boda nyingi ni milimita 22, klampu ya saizi hio na kipande cha rabba ndani yake inashika vizuri. Lakini mtetemo wa injini unaua kamera. Simu za siku hizi kamera ina kilenzi kinachoelea ili picha isitikisike, na mwaka 2021 Apple wenyewe walitoa onyo kwamba mtetemo mkubwa wa pikipiki unaweza kuharibu hio kamera. Kwa hivyo kijana wa boda, kama simu yako ni ya maana, nunua holda yenye kipande cha kupunguza mtetemo katikati, au funga simu ya zamani kwa ramani na ile nzuri ikae mfukoni. Ya pili naiona bora.

Boti sasa, na hapa naomba msome polepole manake bahari haina mchezo na chumvi haina rafiki. Kuna boti moja tulifungua braketi ya skrini ya GPS, kwa nje yang'ara, kwa ndani skrubu zimeliwa zimebaki vijiti vyembamba, kusi ingeanza tu ile skrini ingeenda majini. Skrubu zilikuwa za chuma cha kupakwa zinki, za kufungia makabati. Ukinunua bolti za stili isiyoshika kutu geuza kichwa usome. Pameandikwa A2 au A4 na namba mbele yake, kwa mfano A2-70, A4-80. A2 ni ile stili inayoitwa pia 304, nzuri kwa gari na jikoni. A4 ni 316, ina molibdenamu ndani inayoizuia chumvi, hio ndio ya boti, na ndio ninayoishauri hata kwa malori ya chumvi ya Gongoni na Marereni. Sumaku haitakwambia ipi ni ipi, zote mbili hazishikwi vizuri na sumaku, kwa hivyo muuzaji akikupimia kwa sumaku hajakupimia kitu. Soma kichwa.

Na hata ukiwa na A4, ukiigusisha na braketi ya alumini kwenye maji ya chumvi, alumini ndio inayoliwa, utaona unga mweupe unatoka kwenye matundu. Weka washa ya nailoni katikati na upake grisi ya baharini kwenye meno ya bolti kabla ya kukaza.

Kutoboa fiba ya boti pia kuna adabu yake. Bandika tepu juu ya alama, anza kuzungusha drili kinyume mpaka ile rangi ya juu ikatike taratibu, ndipo ugeuze mzunguko uende mbele, la sivyo inapasuka nyota nyota kuzunguka tundu. Pitisha bolti mpaka upande wa pili, weka washa kubwa au bamba, na ujaze silanti ya baharini ndani ya tundu maji yasiingie kwenye mbao zilizo katikati ya fiba, zikioza hutaona mpaka sehemu nzima iwe laini.

Dira. Skrini, spika na holda zote zenye sumaku zinavuta dira. Fanya hivi kabla ya kutoboa, boti ikiwa imetulia imefungwa, mtu mmoja aangalie dira, mwengine alete skrini pole pole mpaka pale itakapokaa, aiwashe, aizime. Sindano ikisogea hata kidogo rudi nyuma mpaka itulie, hapo ndio mwisho wako wa kukaribia. Kitabu cha kifaa huwa kimeandika umbali wa usalama kutoka dira, kifuate. Siku umeme ukikata nje ya mkondo na ukungu wa mvua umeshuka, dira ndio iliobaki.

Jengine manahodha hulalamika kwamba skrini imeharibika, imekuwa nyeusi. Wakati mwengine ni miwani. Miwani ya jua ya polaroidi na skrini za LCD zikikutana kwa pembe fulani mwanga wote unazimwa. Vaa miwani yako, geuza skrini wima alafu ulalo, uone upande gani inaonekana, ndio ufunge hivyo.

Ndege sina mengi, ila marubani wa hizi ndogo zinazotua Malindi na Manda wana mambo mawili ambayo hata sie tunaweza kuyaiga. Kwanza mpira wa kunyonya kioo hawauamini peke yake, manake ndege isiyobanwa hewa ndani ikipanda futi 10,000 msukumo wa hewa umeshapungua kama asilimia 30 na nguvu ya mpira inapungua hivyo hivyo, kwa hivyo wanaongeza kamba ya usalama. Wewe mwenye boti fanya hivyo pia. Pili, tableti ikifungwa kwenye usukani wa ndege, kabla ya kuruka usukani unavutwa mpaka tumboni, unasukumwa mpaka mwisho, unazungushwa kulia na kushoto, kuhakikisha tableti haigusi kitu wala haizuii. Kwenye tuktuk na boda kata hendeli mpaka mwisho pande zote mbili vile vile, uone waya haunyooki na holda haigusi tangi. Na kama ni chombo cha kufungwa moja kwa moja ndani ya ndege, hio ni kazi ya injinia wa ndege mwenye leseni na karatasi zake, mafundi wa mtaani tusiguse.

Joto lisisahaulike. iPad imetengenezwa kutumika mpaka nyuzi 35 tu, na Malindi mwezi wa pili joto la nyuma ya kioo linapita hapo mapema sana, itajizima yenyewe. Wacha nafasi ya hewa nyuma yake, usiibane kwa kava nene.

Kukaza sasa. Chuma kwa chuma tumia nati yenye nailoni ndani, au ile gundi ya meno ya bolti ya rangi ya buluu, inayofunguka kwa spana ya kawaida. Ile nyekundu inataka moto kuifungua, usiiweke karibu na skrini. Na gundi hizi zisiguse plastiki, plastiki nyingi zinapasuka nyufa baada ya siku chache, kwenye plastiki ni washa ya springi tu na mkono wa kiasi.

Ukishakaza chukua rangi ya kucha ya rangi kali, chora mstari mmoja mwembamba kuanzia kwenye nati mpaka kwenye braketi, mafundi wa ndege wana alama yao ya namna hio. Baada ya safari ya kwanza ya njia mbovu, na kwa boti kila unaporudi wakati wa kusi, tupia macho. Mstari umenyooka, endelea na kazi zako. Mstari umekatika, nati imezunguka, futa, kaza, chora mwengine, na ukikatika tena pale pale badilisha nati yenyewe.