Somo: Madoa ya kiinitete kwenye laptop (soma kabla ya kuniuliza)

Tunachora kwa kompyuta madoa kama yale yanayopangwa kwenye ngozi ya mnyama akiwa bado kiinitete. Nimechoka kuulizwa "mbona namba zimegeuka nan?" (nan ni "si namba": hesabu imelipuka.) Tunatumia modeli ya kemikali mbili iitwayo Gray-Scott: U ni chakula, V ni mlaji anayezaliana akila.

1. Weka Python na numpy (maktaba yake ya hesabu).

2. Majedwali mawili ya 200 × 200: U yote 1, V yote 0.

3. Mraba mdogo katikati: U 0.5, V 0.25. Usiruke.

4. Kila hatua, V huongezeka U×V×V na U hupungua kiasi hichohicho; U huongezwa F(1−U), V huondolewa (F+k)V. F (kasi ya kulisha) 0.035, k (kasi ya V kufa) 0.065. Kusambaa: kwa kila kisanduku cha jedwali, jumla ya majirani wanne toa kisanduku chenyewe mara nne, zidisha kwa 0.16 (jedwali la U) au 0.08 (jedwali la V), ujumlishe.

5. Hatua ya muda: 1. Hapa ndipo nilichomeka. Nilitaka picha laini, nikapunguza nafasi kati ya visanduku kutoka 1 hadi 0.5, muda nikauacha. Laptop ikanguruma usiku kucha hapa Umoja, asubuhi nan tupu. Chukua 0.16, zidisha kwa muda, gawa kwa nafasi mara nafasi: isizidi 0.25. Kwa nafasi 0.5 ilikuwa 0.64! Ukigawa nafasi kwa 2, muda gawa kwa 4. Kwa NNE.

6. Rudia mara 10,000, chora V.

Maswali yenu, na majibu yangu:

Mkuu, yangu ni rangi moja tu. Code iko sawa.
Hatua ya 3.

Nimeifanya!
Bandika tuone... Umeweka mraba kwenye U pekee. Mlaji yuko wapi?

Samahani mwalimu, kiinitete cha pundamilia kina mlaji kweli?
Hapana, dada, na umeuliza vizuri. Gray-Scott ni kemia ya tangi. Ukitaka ya viinitete, tafuta Gierer na Meinhardt, 1972. Wazo ni la mwanahisabati Turing, 1952: kusambaa, ambako kwenye chai husawazisha sukari, kunaweza kuzaa madoa iwapo kemikali mbili zinatofautiana kasi ya kusambaa. Mwaka 1977 mwanabiolojia Bard alipendekeza kwamba milia ya pundamilia wa Grevy, yule wa Samburu, hupangwa kiinitete kikiwa kimeshakua, ndiyo maana ni mingi na myembamba. Wa hapa Nairobi park, kwa wazo lake, hupangiwa mapema, mwili ukikua nayo inatanuka.

Nataka mistari, si madoa.
F 0.06, k 0.062. Itapindapinda kama matumbawe.

Kingo je?
np.roll. Kulia kunaungana na kushoto, juu na chini, kama donati.

Stima ikipotea?
np.save kila hatua 1,000. Jana imenipotea saa mbili usiku, nikaanzia 7,000.